Hodi Mtandaoni: Namna ya Kuomba Muda wa Mtu Usiyemjua

Mwanzoni mwa Januari 2008 Kenya ilikuwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika mtandaoni habari alizoletewa na watu kutoka sehemu mbalimbali za nchi, mpaka habari zikamzidi uwezo. Alipoondoka Nairobi kwenda Johannesburg, aliuliza hadharani kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali machafuko yanapotokea. Erik Hersman, aliyekuwa akiandika kuhusu teknolojia barani Afrika, alisoma wito ule na kumshirikisha David Kobia, mtunga programu Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani. Juliana Rotich naye akaingia. Baada ya siku chache tovuti ilikuwa hewani, ikipokea taarifa kwa intaneti na kwa ujumbe mfupi wa simu. Wakaiita Ushahidi. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na mwaka huohuo Hersman akafungua iHub jijini Nairobi, mahali ambapo vijana watunga programu walipata meza, intaneti na wenzao wa kushauriana nao.

Hakuna aliyepeleka sivii kwa mwenzake, wala mjomba wa mtu hakupiga simu. Walikuwa wamezoea kusomana mtandaoni, kila mmoja akijua mwenzake anaweza nini, na wito ulipotoka ulimkuta mtu wa kuuitikia.

Ndivyo kufahamiana kikazi kunavyobadilika. Kazi ya mtu hutangulia kufika, sura yake ikafuata. Na sasa imeongezeka nyenzo ya pili, programu za kupangia miadi, inayomwezesha kijana wa Mpanda au Lodwar kupata nusu saa ya mtaalamu wa Geneva bila kupitia kwa mtu yeyote. Lakini mlango kuwa wazi hakujaondoa haja ya kupiga hodi. Wengi wanaokosa majibu mtandaoni hawakosi kwa sababu hawana sifa. Wameingia sebuleni kabla ya kukaribishwa.

Si lazima awe mjomba

Vijana wa Dar es Salaam husema kazi ni koneksheni, na wa Nairobi husema ni kujuana tu. Kauli hizo hutoka kwa uchungu, na uchungu huo una sababu zake. Hata hivyo utafiti wa ajira una habari ambayo wengi hawajaisikia. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadilisha kazi huko Newton, karibu na Boston, na mwaka 1973 akachapisha makala ambayo mpaka leo inafundishwa vyuoni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walisema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 walikuwa hawaonani naye hata mara mbili kwa mwaka.

Sababu haijifichi. Ndugu na rafiki wa karibu husikia yaleyale unayosikia wewe. Aliyesoma nawe Tabora miaka kumi iliyopita, na sasa yuko Kisumu, husikia mambo ambayo mtaani kwenu hayajafika.

Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa zaidi wa jambo hilohilo, uliofanywa kwa majaribio yaliyowahusu watumiaji milioni 20 wa LinkedIn kwa muda wa miaka mitano. Katika kipindi hicho iliundwa miunganisho mipya bilioni 2 na kupatikana kazi mpya 600,000. Watafiti waliona kwamba watu wanaofahamiana kwa wastani, wasio wa karibu sana wala wageni kabisa, ndio waliosaidiana zaidi kubadilisha kazi. Wakaongeza jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analijua: faida hiyo ni kubwa katika sekta zinazotumia sana kompyuta, ilhali katika sekta nyingine watu wa karibu bado wana nguvu. Mwashi wa Morogoro atapata kazi ijayo kwa fundi mwenzake. Mchambuzi wa takwimu wa Morogoro huenda akaipata kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kwa hiyo swali la maana kwa anayetafuta kazi, mteja au mlezi wa kitaaluma ni namna ya kuwafikia watu wa duara la pili na la tatu, na namna ya kuongea nao bila kuwachosha.

Kazi itangulie

Hatua ya kwanza ni kuiweka kazi mahali inapoonekana. Wasifu wa LinkedIn wenye maneno kama "mchapakazi" na "mwenye ari" hauonyeshi chochote, na tangu mtandao huo uvuke wanachama bilioni 1 mwaka 2023, maneno hayo yamo katika mamilioni ya kurasa. Kinachoonekana ni kitu kilichofanywa. Mhasibu anaweza kueleza namna alivyopanga upya vitabu vya duka la jumla bila kulitaja duka. Mwalimu wa fizikia anaweza kuweka picha za vifaa alivyotengeneza kwa chupa na waya. Mtafsiri anaweza kuonyesha ukurasa mmoja katika lugha mbili na kueleza kwa nini alichagua neno hili akaacha lile.

Mfano mzuri ni Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika katika kompyuta iliyoanza mwaka 2019. Mikutano yake ya kila wiki ilifanyika mtandaoni na kila aliyetaka aliruhusiwa kuingia, hata asiye na shahada ya fani hiyo. Data na programu ziliwekwa wazi. Mwaka uliofuata walichapisha makala yenye waandishi zaidi ya 40, wakitoa vipimo vya tafsiri ya kompyuta kwa lugha zaidi ya 30 za Afrika, na mwaka 2021 kazi hiyo ikapata tuzo ya utafiti ya Wikimedia. Mtu aliyeingia akiwa na sentensi chache za lugha ya nyumbani kwao aliweza kutoka akiwa na jina kwenye makala ya kisayansi na wenzake katika nchi kadhaa.

Uwazi una mipaka, na mipaka hiyo ni sehemu ya weledi. Muuguzi hasimulii habari za mgonjwa hata akificha jina, kwani katika mji mdogo wadi na tarehe vinatosha kumfichua. Mwanasheria hagusi jalada la mteja. Mtumishi wa umma husoma kwanza kanuni za utumishi. Kwa kila mtu, wasifu wa hadharani haupaswi kuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, picha ya pasi ya kusafiria wala mtaa anaoishi. Sheria za ulinzi wa data zipo, Kenya na Uganda tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haiwezi kurudisha picha ya kitambulisho iliyokwisha kusambaa.

Hodi yenyewe

Hatua ya pili ni ujumbe, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtaalamu anayejulikana hupokea kila siku ujumbe wa "Habari," ukifuatiwa na ukimya, au "Naomba unisaidie kazi yoyote." Wa kwanza unamtaka aanze yeye kuuliza shida. Wa pili unamkabidhi mzigo ambao hana pa kuutua.

Ujumbe unaojibiwa una mambo manne: salamu inayomfaa mpokeaji, mstari mmoja wa kujitambulisha, uthibitisho kwamba umeisoma kazi yake, na ombi dogo lenye mwisho. Tuseme fundi sanifu wa maji Dodoma anamwandikia mhandisi mzoefu:

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi sanifu wa maji Dodoma, mwaka wangu wa tatu kazini. Nimesoma maelezo yako kuhusu upotevu wa maji, nikajaribu kupima mtiririko usiku wa manane katika mtaa mmoja, na matokeo nimeyaambatisha, ukurasa mmoja. Jambo moja limenishinda: namna ya kutenganisha maji yanayovuja na yale ambayo watu wanayatumia kweli saa hizo. Naomba dakika 20 za kuongea nawe kwa simu, siku na saa utakayoona inakufaa. Kama nafasi haipo, hata mistari miwili ya maandishi itanisaidia sana."

Mhandisi akisoma hayo anajua anaongea na nani, swali ni lipi, litachukua muda gani, na namna ya kukataa bila kuona aibu. Shikamoo inakaa vizuri Tanzania na mwambao wa Kenya. Akiandikiwa daktari wa Eldoret au profesa wa Kampala, "Habari za kazi" pamoja na cheo chake itatosha. Jambo la kuepuka ni kumwita mtu usiyemjua "mkuu," "bosi" au "dia."

Na asipojibu? Desturi ya mwambao imekwisha kutoa jawabu. Mgeni hupiga hodi mara tatu, na asiposikia "karibu" huondoka bila kinyongo, kwa sababu huenda mwenyeji amelala, anaswali au hayuko tayari kupokea wageni. Mtandaoni iwe hivyohivyo: ujumbe wa kwanza, ukumbusho mfupi baada ya wiki moja, wa mwisho baada ya wiki mbili nyingine. Kumfuata mtu kutoka LinkedIn hadi WhatsApp hadi Facebook kwa ujumbe uleule ni sawa na kuzunguka nyumba ukichungulia madirishani.

Kiungo cha miadi na nani apange saa

Kupata dakika 20 za mkubwa zamani kulimaanisha benchi la mapokezi, daftari la wageni na katibu muhtasi anayesema mkubwa yuko kwenye kikao. Kwa baruapepe kulimaanisha barua sita au saba: Jumanne? Hapana, Jumatano. Asubuhi? Jioni tu.

Kero hiyo ndiyo iliyomsumbua Tope Awotona, mzaliwa wa Lagos aliyehamia Marekani akiwa na miaka 15 na baadaye akafanya kazi ya kuuza programu za kompyuta. Alikuwa amejaribu biashara kadhaa zikashindwa, ikiwemo ya kuuza projekta na ya majiko ya kuchomea nyama. Mwaka 2013 alitoa akiba yake yote, kiasi cha dola 200,000, akaanzisha Calendly jijini Atlanta. Mtumiaji huweka saa zake zilizo wazi, programu hutoa kiungo, na anayepewa kiungo huchagua saa. Kalenda za pande zote mbili hujazwa papo hapo na ukumbusho hutumwa. Mwanzoni mwa 2021 wawekezaji waliikadiria kampuni hiyo kuwa na thamani ya dola bilioni 3. Siku hizi zipo programu nyingi za aina hiyo, na hata kalenda ya Google ina sehemu ya kupangia miadi.

Mwaka 2022 ulianza kwa mabishano makali kwenye Twitter: je, kumtumia mtu kiungo cha miadi ni kumrahisishia au ni kumdharau? Wengine waliona ni kumwambia mwenzako ajitafutie nafasi katika ratiba yako. Wengine waliona ni huduma tu. Kwa wasemaji wa Kiswahili jibu linaweza kutokana na adabu iliyopo. Mwenye shida ndiye anayefuata. Anayeomba muda hampelekei anayeombwa kiungo chake na kumwachia hapo, hasa kama anayeombwa ni mkubwa kwa umri au cheo. Huuliza kwanza: "Una kiungo cha miadi ninachoweza kutumia, au nikupendekezee saa?" Akijibiwa pendekeza, anataja saa tatu za siku tofauti, kisha chini kabisa anaweza kuweka kiungo kwa maneno kama "ikikurahisishia." Mteja anayeomba huduma, au mwajiri anayewaita waombaji kazi kumi kwa siku moja, habari yake ni nyingine. Huko kiungo ni njia ya haki, kwani kila mtu huchagua kwa zamu bila upendeleo.

Kuna faida moja ya viungo hivi ambayo wanawake wanaifahamu vizuri zaidi. Mtaalamu wa kike akitoa namba yake ya simu kwa ajili ya mazungumzo ya kikazi, si ajabu kuanza kupigiwa saa tano usiku. Kiungo humpa mgeni saa moja, siku moja na mada moja, bila kumpa namba. Mtu asikubali kuonana na mgeni mahali pasipojulikana kwa mazungumzo ya kwanza. Simu inatosha, na ikibidi kuonana, iwe ofisini mchana.

Saa nne ya wapi?

Kosa linaloharibu miadi mingi ya Waswahili na wageni ni la saa. Mtu wa Tanga akisema saa nne asubuhi anamaanisha 10:00. Programu ikimwandikia 4:00 PM, yeye anaweza kusoma nne, wakati hiyo ni saa kumi alasiri. Mwenzake wa London akimwandikia kwa Kiswahili cha kujifunza kwamba waonane saa nne, hapo wamepotezana kabisa. Dawa ni kuandika kwa njia zote mbili kila mara: "saa kumi alasiri, yaani 16:00, kwa saa za Afrika Mashariki." Na simu iwekwe katika mpangilio wa saa 24, ambapo 16:00 haiwezi kuchanganywa na kitu kingine.

Kisha kuna tofauti za nchi. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa moja mbele ya Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, na saa moja nyuma ya Muscat. London iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. New York ni nane na saba. Hatari kubwa ni mwezi Machi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Uingereza hungoja Jumapili ya mwisho, na Afrika Mashariki haisogezi kamwe. Katika wiki hizo za katikati hesabu iliyozoeleka hudanganya. Programu ya miadi huhesabu yenyewe, mradi mtumiaji awe ameweka jiji lake sawasawa. Wanaosafiri hulisahau hilo.

Wiki nazo hazifanani. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu Mei 2013. Falme za Kiarabu zilihamia Jumamosi na Jumapili mwanzoni mwa 2022, na ofisi za serikali hufungwa Ijumaa mchana. Anayewaomba muda Waswahili wa Muscat au Dubai aangalie hayo, kama vile anayeandikia watu wa Zanzibar au Lamu anavyopaswa kuiacha Ijumaa kuanzia saa sita mchana, na kuepuka alasiri za mwezi wa Ramadhani.

Dakika ishirini zenyewe

Miadi ikikubaliwa, matayarisho yaanze siku moja kabla. Maswali matatu yaandikwe, la muhimu zaidi likiwa la kwanza, kwa sababu mtandao unaweza kukatika dakika ya kumi. Bando likaguliwe. Mazungumzo ya video ya nusu saa hula data nyingi, na si aibu kusema mapema, "Tuongee kwa sauti tu, mtandao wa huku si imara." Umeme ukiwa wa mgao, simu ichajiwe usiku.

Anayeomba ndiye anayeingia mapema. Anasalimu, anashukuru kwa sentensi moja, anaingia kwenye swali. Asiombe kazi katika mazungumzo ya kwanza, maana mwenyeji akihisi kwamba maswali yalikuwa kisingizio hatafungua mlango tena. Aulize badala yake: katika nafasi yangu, ungeanza na nini? Nani mwingine ungenishauri nimsome? Swali hilo la pili ndilo linalompeleka mtu kwenye duara jingine la watu. Dakika ya 18 ikifika, ni yeye anayesema muda unakaribia kwisha, ili mwenyeji asipate shida ya kumfukuza.

Ndani ya siku moja itumwe shukrani yenye jambo mahususi alilojifunza. Na baada ya miezi miwili au mitatu, itumwe habari ya matokeo: nilijaribu ulichoniambia, hiki kilifaulu, hiki kilikwama. Ujumbe huo wa pili ndio unaogeuza mazungumzo ya mara moja kuwa kufahamiana, na ni wachache mno wanaoutuma.

Kwa wenye milango

Ushauri huu hauwahusu waombaji peke yao. Mwaka 2020, wabunifu wengi walipopoteza kazi kwa sababu ya janga la Uviko-19, Felix Lee wa Singapore na wenzake walianza na orodha ya kuwasaidia wabunifu hao kuonekana. Orodha hiyo ikakua kuwa ADPList, mahali ambapo wataalamu hufungua saa zao na kijana yeyote duniani huchagua moja, mara nyingi bila malipo. Si lazima mtu ajiunge huko ili afanye hivyo. Mhandisi wa Mombasa, mfamasia wa Bukoba au mhariri wa Bujumbura anaweza kutenga nusu saa mbili kila mwezi na kuweka kiungo kwenye wasifu wake.

Afanye hivyo kwa mipaka, la sivyo atachoka na kufunga. Aweke taarifa ya angalau saa 24 kabla ya miadi, nafasi ya dakika 15 kati ya mgeni mmoja na mwingine, na kikomo cha idadi ya wageni. Aweke swali moja la lazima kwenye fomu: "Unataka tutatue nini?" Anayeshindwa kulijibu hajawa tayari. Na achunguze kalenda yake inaonyesha nini kwa wengine. Ikiwa ameishiriki na ofisi nzima, iwe inaonyesha tu kwamba ana nafasi au hana, si maneno kama "kliniki" au "usaili," ambayo yameshawaumbua watu mbele ya wakubwa wao.

Milango ya uongo

Uwazi huwavuta na matapeli. Tapeli husoma wasifu, huona mtu anatafuta kazi, humtumia barua yenye nembo nzuri na kiungo cha "usaili," kisha humwomba ada ya fomu, ya vipimo vya afya au ya viza. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarejesha nyumbani raia waliovutwa na matangazo ya kazi za Thailand na kujikuta wamefungiwa Myanmar katika vituo vya utapeli wa mtandaoni. Kazi halali haimtozi mwombaji pesa ili asailiwe. Kiungo cha miadi kikimtaka mtu aingize neno la siri la baruapepe, PIN ya simu au namba ya kitambulisho, akifunge. Kampuni itafutwe kwa njia nyingine, kwa namba iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, na ndugu mmoja aelezwe kabla ya safari yoyote.

Ipo pia hali ambayo programu haiwezi kuiondoa. Watu wengi wenye uwezo wa kufungua milango Afrika Mashariki hawana kiungo cha miadi na hawataki kuwa nacho. Hupatikana kwenye kikao cha harusi, msibani, kwenye mkutano wa chama cha wahitimu, au kwa simu inayopigwa saa tatu asubuhi. Anayejua mtandao tu atawakosa hao, na anayejua msibani tu atawakosa wale wa ng'ambo. Mwenye kutaka kufika mbali hana budi kujifunza njia zote mbili, na salamu ni ileile.

Basi kwa msomaji anayetafuta njia: kabla ya wiki hii kwisha, iwekwe wazi kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake, yenye maelezo ya ukurasa mmoja, na apelekewe mtu mmoja pamoja na swali moja. Na kwa msomaji aliyekwisha kufika, mwenye ofisi, uzoefu na jina: nusu saa mbili kwa mwezi hazitamwangusha. Azifungue mwezi huu, na kijana akipiga hodi, amwitikie.